Mwananchi Aliyepinga Choo

Nchi yetu ina jina, lakini katika nyaraka zote za serikali huandikwa "nchi husika", nasi watumishi tumezoea kuiita hivyo hata nyumbani. Ndani ya nchi husika kuna jiji, na ndani ya jiji kuna Kamati ya Mipango Miji na Matumizi ya Ardhi, ambayo mimi ni katibu wake kwa mwaka wa kumi na moja. Nitaeleza tukio moja kama lilivyotokea. Sitaongeza chumvi, kwa kuwa muda wote niliokaa kwenye Kamati sijaona mahali inapohitajika.

Kamati yetu ni ya haki. Najua kila kamati husema hivyo, lakini yetu ina kifungu. Kifungu cha 14 cha Kanuni za Vikao kinasema: "Kamati haitajadili ombi lolote la ardhi kabla ya kusikiliza upande unaolipinga." Waliokitunga walitaka kuwalinda wanyonge. Hawakufikiria kwamba siku moja angetokea mtu anayeomba kitu ambacho hakuna binadamu anayekipinga.

Mtu huyo ni Bi. Leokadia Nsemwa, muuza dagaa wa Soko la Kizungule. Nyuma ya soko, hatua kumi na nane kutoka meza ya mwisho, ana kiwanja alichoachiwa na marehemu mume wake. Kwenye ramani kiwanja hicho ni cha makazi. Aliomba kibadilishwe kiwe cha huduma ili ajenge matundu sita ya choo, kwa sababu soko hilo lina wanawake wapatao mia sita na halina choo hata kimoja. Cha karibu kiko stendi, ng'ambo ya barabara kuu. Nilipima mwenyewe: dakika kumi na moja kwa mwendo wa kawaida. Baadaye nilielezwa kwamba hakuna anayekwenda kule kwa mwendo wa kawaida. Wengi huacha kunywa maji tangu alfajiri, na daftari la zahanati ya pale, nililolisoma, lina matokeo ya uamuzi huo kurasa kwa kurasa.

Ombi lilipokelewa na kupigwa mhuri. Tangazo la kuita wapinzani lilibandikwa siku tisini. Hakuja mtu. Likabandikwa tena. Hakuja mtu. Mwezi wa kumi na nne Bi. Leokadia alileta daftari lenye saini za wanaomuunga mkono, likarudishwa, kwa kuwa Kamati haina fomu ya kuunga mkono. Ina Fomu Namba 6, ambayo ni ya kupinga. Baadhi ya wanawake wakajaza Fomu Namba 6 na kuandika "sipingi". Kamati iliona kuwa hayo ni matumizi mabaya ya fomu.

Faili likaandikwa: Linasubiri mpinzani.

Lingeweza kusubiri milele, kama isingekuwa sheria ya pili, isemayo kwamba kiwanja kisichoendelezwa ndani ya miezi thelathini na sita hurudi mikononi mwa jiji. Huwezi kuendeleza bila kibali, na hupati kibali bila mpinzani. Mwezi wa thelathini na tatu Bi. Leokadia aliingia ofisini kwangu, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

"Katibu, leo nina swali moja tu."

"Karibu, mama."

"Adui anapatikana wapi?"

Nilimweleza kwamba Kamati haitoi huduma hiyo.

"Maana nimemtafuta soko zima," alisema. "Nimemwendea mpaka mke mwenzangu, ambaye hatujasalimiana tangu siku tunamzika mume wetu. Nikamwambia, dada yangu, hebu njoo unipinge. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, 'Nakuchukia, Leokadia, na Mungu analijua hilo. Lakini choo nakitaka.'"

* * *

Hapa ndipo kosa langu linapoanzia.

Niliamua kumtengenezea mpinzani. Nilikusudia pingamizi la nusu ukurasa, jepesi, ambalo Kamati ingelisikiliza kwa dakika tano, ikalitupa, kisha ikatoa kibali. Ulikuwa utaratibu tu, na utaratibu ndio kazi yangu. Nikatunga jina, Elifasi Mtungule, mzee wa miaka sabini na moja. Nikapekua daftari la wakazi wa jiji kuhakikisha kwamba hakuna anayeitwa hivyo, nisije nikamsingizia mtu. Hakuwepo. Nikaandika: "Napinga ujenzi huu kwa sababu siupendi."

Nikaisoma sentensi hiyo nikaona aibu. Haikuwa na ushahidi wowote.

Nina shahada mbili, moja ya mipango miji na moja ya sheria ya ardhi. Mtu mwenye shahada hizo hawezi kuandika hoja mbovu, kama vile fundi mzuri wa kushona asivyoweza kukusudia kukosea mkono wa shati. Nikaongeza mwelekeo wa upepo. Nikaongeza mteremko wa ardhi na kina cha maji. Nikataja maamuzi manne ya zamani ya Kamati, yote niliyoyaandika mwenyewe kwenye muhtasari, kwa hiyo nilijua udhaifu wa kila moja na nikaukwepa. Saa kumi jioni nilikuwa na kurasa tisa na kiambatisho. Nilipozirudia tangu mwanzo, nilijikuta nakubaliana na Mzee Mtungule.

* * *

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata. Akidi ilitimia kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lwimbo, ambaye kwa kawaida hupokea faili kama mtu anayepokea mtoto wa jirani aliyelowa, alizisoma kurasa zote tisa kwa sauti. Alipomaliza alivua miwani.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema, "kwa miaka minane nimeketi kwenye kiti hiki nikijiuliza: mwananchi yuko wapi? Tunabandika matangazo, yananyeshewa. Tunafungua masikio, hakuna anayesema nayo. Leo mwananchi amejitokeza! Na hakuja kuomba. Hakuja kulia. Amekuja na mteremko!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Mhandisi Kibasa, mjumbe wetu wa masuala ya kiufundi, "mimi binafsi upepo umenigusa."

Bi. Leokadia aliruhusiwa kujibu. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Waheshimiwa, huyu Mzee Mtungule anaishi wapi?"

"Anwani ya mpinzani ni siri," alisema Mheshimiwa Lwimbo.

"Kama anaishi karibu, mbona simjui? Na kama anaishi mbali, harufu itamfikaje?"

"Mama, usimshambulie mtu. Jibu hoja. Ukurasa wa saba, mteremko."

"Baba, mimi mteremko sikuusomea. Ninachojua ni kwamba mtu akibanwa, amebanwa."

"Kubanwa," alisema Mwenyekiti taratibu, ili niweze kuandika, "si hoja ya mipango miji."

Niliandika. Liliingia kwenye muhtasari kama azimio. Pingamizi likakubaliwa kwa kura zote, na Mheshimiwa Lwimbo akaniita kando akaniomba nimfikishie Mzee Mtungule pongezi zake binafsi. Nilimwambia zimefika. Ulikuwa ukweli.

Kulikuwa na njia ya kurekebisha, kwa sababu sheria humruhusu mpinzani kuondoa pingamizi lake. Nikaandika barua fupi ya Mzee Mtungule: amelitafakari jambo hilo upya, anaondoa pingamizi, anamtakia mama huyo heri. Sikutia tarakimu hata moja.

Kamati iliikataa barua hiyo papo hapo.

"Angalieni lugha!" alisema Mheshimiwa Lwimbo, akiipunga hewani. "Huyu ndiye mtu wa kurasa tisa? Huyu ametishwa."

Likapitishwa azimio la kumlinda. Askari wawili waliagizwa walinde makazi yake, na kwa kuwa makazi yalikuwa siri, wakaelekezwa walinde mahali pekee palipojulikana kuwa barua zake hupitia, yaani mlango wa ofisi yangu. Bi. Leokadia naye akaandikiwa barua ya kujieleza ni kwa nini asichukuliwe hatua kwa kumtisha mzee wa miaka sabini na moja. Aliyeiandika ni mimi. Aliyeisaini, kwa niaba ya Mwenyekiti, ni mimi pia.

* * *

Sikuituma kwa mhudumu. Niliipeleka sokoni mwenyewe, saa tano asubuhi. Bi. Leokadia alikuwa akimpimia mteja dagaa kwa kopo. Meza ya pili, akiwa amempa mgongo, aliketi mke mwenzake, aliyeuza nyanya.

"Mama," nilisema, "Mzee Mtungule hayupo."

"Amesafiri?"

"Hajawahi kuwepo. Nilimwandika mimi."

Aliliweka kopo chini. "Zile kurasa tisa?"

"Zangu."

"Na ule upepo?"

"Upepo ni wa kweli."

"Yaani mimi, Leokadia binti Nsemwa, nimeshindwa kesi na mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kubanwa."

Yule wa nyanya aliongea bila kugeuka. "Muulize kama huyo mzee wake ana mke. Tusije tukaletewa na mjane."

"Nyamaza wewe, nafikiri," alisema Bi. Leokadia. Ilikuwa, nilivyoelewa baadaye, salamu yao ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaniinamia. "Sikiliza, baba. Aliyemleta duniani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi muue."

"Mama!"

"Taratibu tu, wala asiteseke."

"Presha," alisema wa nyanya. "Presha nzuri. Mtu analala mzima, na hakuna anayeuliza."

Niliikumbuka sheria hapo hapo. Kifungu cha 31: pingamizi hufa pamoja na mpinzani, asipoacha mrithi. Kwa mujibu wa rekodi zangu Mzee Mtungule hakuwa na mke, mtoto wala ndugu. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla miezi thelathini na sita haijatimia. Kwa hesabu zangu zilitosha na ziada. Nilirudi ofisini, nikawapita askari waliokuwa wakimlinda, nikamwandikia presha.

* * *

Nilikuwa nimekadiria kila kitu isipokuwa majonzi.

Mheshimiwa Lwimbo aliposomewa taarifa aliomba maji. Wajumbe walisimama dakika moja, halafu kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi, wakasimama kumi na nne.

"Amekufa kama alivyoishi," alisema Mwenyekiti. "Bila kutusumbua."

"Mheshimiwa," nilisema, "chini ya Kifungu cha 31, pingamizi sasa limeondoka. Ombi la Bi. Leokadia Nsemwa linaweza kujadiliwa leo."

Ukumbi mzima ulinigeukia. Mhandisi Kibasa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Katibu," alisema, "mwili haujapoa."

Kamati ikatangaza siku arobaini za maombolezo, ambazo ndani yake hakuna ombi lolote litakalojadiliwa. Nilitaja tarehe ya ukomo wa kiwanja. Mwenyekiti alijibu kwamba msiba haufuati kalenda. Miezi thelathini na sita ilitimia siku ya thelathini na tano ya maombolezo, na asubuhi ya siku iliyofuata kiwanja cha Bi. Leokadia kikawa mali ya jiji.

Hati ya kutwaa kiwanja huandaliwa na katibu. Niliiandaa. Haina kosa hata la nukta. Nikampelekea.

Alikuwa amesimama kwenye kiwanja chenyewe, kwenye majani aliyokuwa akiyafyeka kila mwezi ili watu wa jiji wasije wakasema ni pori. Aliisoma hati mara mbili, akaikunja nne, akaiweka kwenye pindo la kanga.

"Mume wangu alitaka tujenge nyumba hapa," alisema. "Nikamwambia nyumba tutajenga baadaye, tuanze na choo, watu wanateseka. Ndiyo ilikuwa kauli yangu kwake, hospitali, siku mbili kabla." Akapangusa mikono. "Wewe huna roho mbaya, Katibu. Afadhali ungekuwa nayo, tungekuhonga mapema yakaisha."

Nilitazama mteremko. Haukuwa mkali kama nilivyoandika.

* * *

Siku arobaini zilipokwisha, Kamati ilikutana kuamua matumizi mapya ya kiwanja. Azimio lilikuwa tayari kabla ya kikao: pawe Bustani ya Kumbukumbu ya Mzee Elifasi Mtungule, yenye jiwe na majani. Kifungu cha 14 hakikuhusika, kwa sababu kinahusu maombi, na Kamati haijiombi. Wananchi waliruhusiwa kuhudhuria bila kusema, isipokuwa kwa maswali ya kizalendo.

Bi. Leokadia alinyoosha mkono.

"Swali la kizalendo, Mheshimiwa. Wageni watakuja kumlilia marehemu?"

"Bila shaka, mama. Kutoka kila kona."

"Watakaa muda mrefu?"

"Majonzi hayana saa."

"Na wakibanwa?"

Mheshimiwa Lwimbo alifungua mdomo. Nadhani alikuwa akilitafuta lile azimio la zamani. Lakini wageni wa marehemu hawakuwa wauza dagaa, na aliliona hilo. Akanigeukia. "Katibu, kanuni inasemaje?"

"Kanuni ya Maeneo ya Kumbukumbu, aya ya tisa," nilisema. "Lazima pawe na choo. Tundu moja kwa kila waombolezaji hamsini kwa siku."

"Na tunatarajia waombolezaji wangapi?"

Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kutaja tarakimu isiyo na chanzo. Nilimtazama Bi. Leokadia. Yeye alikuwa akitazama dari, kama mtu asiyemjua mtu yeyote ukumbini.

"Mia sita, Mheshimiwa," nilisema.

"Mia sita kwa siku!" Alishika kifua. "Waheshimiwa, tulikuwa na mtu mkubwa na hatukujua."

"Matundu kumi na mawili," alisema Mhandisi Kibasa, aliyekuwa akipiga hesabu kwa vidole. Kisha akasita. "Na ule upepo?"

"Mhandisi," alisema Mwenyekiti kwa upole, "upepo ulikuwa wa marehemu. Ameondoka nao."

Ujenzi ulichukua wiki saba. Sijawahi kuona jengo la jiji likikamilika kwa wiki saba. Jiwe liliwekwa getini, limeandikwa ALISIMAMA PEKE YAKE, na masharti yakabandikwa: bustani ni ya waombolezaji tu, na kila mwombolezaji ajaze kitabu cha rambirambi kabla ya kuingia. Kitabu kina sehemu tatu: jina, uhusiano na marehemu, na maneno ya faraja.

Siku ya kwanza walijaza watu mia tano themanini na watatu, wote wanawake, wengi wao kabla ya saa nne asubuhi. Mlinzi aliripoti kwamba hajaona msiba wa namna hiyo: watu wanakuja mbio, nyuso zimekunjamana, hawasemi na mtu, na wakitoka wanakuwa wamefarijika kabisa. Maneno ya faraja yalikuwa mafupi. "Mzee, nitakuandikia nikitoka." "Umetusaidia kuliko wengi walio hai." Yule wa nyanya, kwenye uhusiano, aliandika: "Nimeletwa na mke mwenzangu." Bi. Leokadia aliandika: "Mwenye kiwanja." Sehemu ya maneno aliiacha wazi.

Ripoti ya robo mwaka niliiandika mimi, na sikubadilisha tarakimu. Kamati ilizipokea kwa mshangao, ikazijadili, ikafikia hitimisho lake: wananchi wanampenda kupita kiasi mtu aliyepinga choo. Kwa kuheshimu hisia hizo, maombi ya vyoo katika masoko mengine matatu ya jiji, Soko la Reli, la Chumvini na la Mto Mkavu, yalisimamishwa mpaka wapatikane wapinzani wenye hadhi ya marehemu.

* * *

Jumatatu iliyopita Bi. Leokadia aliingia ofisini kwangu na wanawake watatu, kila mmoja na faili chini ya kwapa.

"Katibu, hawa ni wenzangu. Huyu Reli, huyu Chumvini, yule Mto Mkavu."

"Karibuni, mama zangu. Niwasaidie nini?"

"Wanataka marehemu," alisema Bi. Leokadia. "Mmoja kwa kila soko."

Niliwaeleza ukweli wote, kama ilivyo wajibu wangu. Kwamba njia hiyo haimo katika kanuni. Kwamba mimi ndiye niliyeharibu shauri la kwanza, kwa kuandika vizuri. Kwamba hata ikifanikiwa, kila mmoja wao atapoteza kiwanja chake, na jiwe litabeba jina la mtu mwingine. Niliyasema hayo kwa mpangilio, nikiwatazama mmoja mmoja.

"Kaka," alisema yule wa Soko la Reli, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia wateja, "kiwanja ninacho mwaka wa tatu huu, na maji sijanywa tangu jana mchana. Wewe andika."

"Ila safari hii asiwe msomi," alisema Bi. Leokadia. "Msomi anachelewa kufa."

Nikatoa karatasi. Nikaandika jina, nikalipekua kwenye daftari la wakazi, hakuwepo. Bi. Leokadia aliinama begani kwangu akisoma.

"Mbona huyu mzima?"

"Mama, pingamizi kwanza. Ugonjwa baadaye."

"Mwanzishie kabisa akikohoa. Tumejifunza."

Nikaongeza kwamba mpinzani, kwa sababu za kiafya, anaiomba Kamati imsikilize haraka kwa kuwa hataweza kusubiri muda mrefu. Nilipowasomea, yule wa Mto Mkavu, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno wala kuketi, alisema kwamba kwa kweli hata yeye hawezi.

Ofisini kwetu kuna choo kimoja. Ubao ulioko mlangoni unasema ni cha wajumbe wa Kamati tu. Niliutunga mimi, mwaka wangu wa pili kazini. Nikafungua droo, nikampa ufunguo.

Sikuliandika hilo kwenye muhtasari.